Mvua haikuharibu mkutano wa magari Limuru

Kwako Mhariri,

Toleo lako la Jumatatu lilikuwa na habari fupi kuhusu mkutano wa wapenzi wa magari ya kale ya michezo uliofanyika Limuru wikendi iliyopita. Kichwa cha habari kilisema mvua iliuharibu. Chini yake palikuwa na picha ya gari jekundu lililozama matopeni, na maneno kwamba wageni wengi waliondoka mapema. Mwandishi wako hakusema uongo. Wengi waliondoka kweli, niliwaona wakikunja viti vyao Jumamosi kabla hata ya saa sita mchana. Lakini mimi nilibaki hadi Jumapili jioni, na yaliyotokea baada ya wao kuondoka ndiyo yamenifanya nikuandikie.

Mimi ni fundi wa magari niliyestaafu. Nilizaliwa Taita, nikaja Nairobi mwaka wa 1975 kuwa kijana wa kushika spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa katika gereji moja ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wa zamani bado twaiita Grogan. Nilikaa hapo miaka 38. Kati ya magari yaliyopangwa kwenye nyasi zile za Limuru, manne nimewahi kuyafungua injini kwa mikono yangu. Nilikwenda kuyaona kama mtu anavyokwenda kuwajulia hali jamaa zake.

Mvua ilianza Ijumaa usiku. Anayeijua Limuru wakati wa masika anaelewa: ukungu hauondoki hadi saa nne, baridi inaingia kwenye mifupa, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda. Waandalizi walikuwa wametarajia magari 40, nami nikahesabu 23. Palikuwa na MGB mbili, Triumph, Porsche 911 mbili za zamani zile zinazopozwa kwa hewa, Alfa Romeo nyeupe, Ford Escort, Mini Cooper, na mengine ya aina hiyo. Na palikuwa na gari lililonitoa nyumbani, Datsun 240Z ya rangi ya machungwa, iliyoendeshwa kutoka Mombasa kwa magurudumu yake yenyewe.

Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000. Nje ya seng'enge walisimama vijana wa pale kijijini, kama 12 hivi, wamejifunika magunia na mifuko ya nailoni, wakichungulia. Mlinzi alikuwa akiwafukuza, wanarudi, anawafukuza tena. Mwandishi wako hakuwaona, au aliwaona akadhani si habari.

Kuhusu mvua nataka kusema jambo kwanza, kwa sababu limenikaa moyoni. Magari haya na mvua yanajuana tangu zamani. Mashindano ya magari ya Safari, yaani Safari Rally, yalianza mwaka wa 1953, na baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 pia yakamaliza 7 tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Miaka hiyo matope ndiyo yaliyokuwa yakichagua mshindi, na mbio za kutifua vumbi tu zingeonekana pungufu. Datsun 240Z yenyewe, yenye umbo lile la chini na boneti ndefu, ilishinda hapa kwetu mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye alilingana pointi na Harry Källström ndipo akapewa ushindi. Kulifunika gari kama hilo kwa turubai eti mvua inanyesha ni kulinyima haki yake.

Na katika matope yale kulikuwa na watu. Pasaka moja nikiwa darasa la nne, gari la mashindano lilikwama kwenye kona chini ya shule yetu. Hatukuitwa na mtu. Tulishuka mbio, wavulana na akina mama waliotoka shambani na majembe, tukalisukuma hadi likapata mawe. Dereva alitoa mkono nje akatupungia, likaondoka, nasi tukabaki tumeloa matope mpaka kwenye nyusi. Nilisikia harufu ya ile petroli na ile klachi iliyoungua, na nikajua nitakuwa nani. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kugusa gari.

Sasa nirudi Limuru. Jumamosi saa saba wenye magari walipoamua kuondoka, njia ya langoni ilikuwa imegeuka bwawa. MGB nyekundu, ile ya picha yenu, ikakwama. Alfa Romeo ikateleza ubavu ikakaribia mtaro. Hapo ndipo langoni palipofunguliwa na wale vijana wakaitwa waingie wasukume. Waliingia wakikimbia, bila kuuliza watalipwa nini. Walikata matawi ya miti ya uani wakayatandaza chini ya matairi, wakaingiza mabega. Kwa saa nzima na nusu walitoa magari tisa. Walijua namna ya kusukuma bila kubonyeza bodi, wakiweka viganja kwenye nguzo na si katikati ya bati, na hakuna aliyewafundisha.

Kazi ilipokwisha mlinzi akaanza kuwatoa tena. Mhariri, nilipaza sauti, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Nilisema vijana hawa wamelipa kiingilio chao kwa mabega. Mama mmoja mwenye Porsche aliniunga mkono, akaenda kwenye gari lake, akafungua kifuniko cha nyuma na kuwaita waje waone. Wenzake waliobaki, kama kumi hivi, nao wakafungua maboneti. Mkutano niliokuwa nimeufuata ulianza wakati huo, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mini ilikuwa imezima. Hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa, kwa kuwa distributa yake, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi zinazowasha petroli, imekaa mbele, nyuma ya grili tu, na maji yanayopita hapo yanaipiga moja kwa moja. Umeme wa koili, kifaa kinachoukuza umeme wa betri, una nguvu nyingi mno. Ukipata unyevu juu ya kifuniko cha distributa huufuata huo badala ya kwenda kwenye plagi. Tulikausha kifuniko kwa kitambaa karibu na jiko la akina mama waliokuwa wakipika chai, kisha nikawaomba glavu moja ya mpira ya kuoshea vyombo. Tukakata ncha za vidole. Waya nne za plagi zikapita kwenye vidole vinne, ya koili kwenye kidole gumba, na glavu ikaivalia distributa kama kofia. Mini ikawaka. Vijana walipiga kelele za furaha zikasikika hadi barabarani.

Ile 240Z ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kukohoa. Mwenyewe alikuwa amekuja na fundi kijana mwenye mashine ya kupimia magari ya kisasa, na kijana yule alitafuta mahali pa kuichomeka asipaone, kwa sababu gari hilo halina kompyuta. Simlaumu. Hakuna aliyekaa naye akamfundisha, na hilo ni kosa letu sisi wazee. Alisogea akasimama pamoja na wale wa kijijini, na ninamheshimu kwa hilo.

Mmoja wao, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, aliniuliza, "Guka (yaani babu), unajuaje ni petroli imezidi na si plagi mbovu?" Ni swali ambalo mimi nilichukua miaka mitatu kulifikia. Nikafungua plagi, nikampa aishike. Ilikuwa nyeusi, ina masizi makavu. Nikamwambia ingekuwa na rangi ya kahawia kama biskuti, gari lingekuwa sawa. Ingekuwa nyeupe, hewa ndiyo imezidi na pistoni ziko hatarini. Kisha nikamuuliza Limuru iko juu kiasi gani kuliko Mombasa. Alijua ni zaidi ya mita 2,000. Basi hewa ya Limuru ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 20, lakini kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikiwa ilipimwa Mombasa haina habari, inaendelea kumwaga petroli ileile. Nilimwona akilipata kabla sijamaliza kusema.

Gari hilo lina kabureta mbili. Chini ya kila moja kuna nati ya kurekebisha jeti, tundu linalopitisha petroli. Ukiizungusha kwenda juu petroli inapungua. Nilimwachia spana. Alizungusha nusu mzunguko kwenye moja na nusu mzunguko kwenye ya pili. Baada ya hapo tukatoa kisafisha hewa, nikachomoa mfukoni kipande cha mpira wa maji, kama futi mbili, ambacho nimekibeba tangu miaka ya Grogan. Ncha moja unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, na unasikiliza mvumo. Unahamia ya pili. Mivumo ikitofautiana, moja inavuta hewa kuliko mwenzake, unaigusa skrubu kidogo kidogo hadi zilingane. Kijana alifumba macho akisikiliza, matone yakimdondokea shingoni. Alisema, "Ya nyuma inalia zaidi." Ni kweli, ilikuwa ya nyuma. Alipomaliza, injini ile ya silinda sita ilitulia ikawa inanguruma kwa upole, na mwenye gari, mtu mzima, alifuta macho yake mbele yetu sote.

Mwandishi wako aliyaita magari haya mchezo wa matajiri. Bei yake siwezi kuitetea. Lakini yamefikaje hadi leo? Kulikuwa na miaka mingi ambayo kuagiza spea kulihitaji leseni na fedha za kigeni, na vyote viwili havikupatikana kwa urahisi. Tuliyabakisha hai kwa akili. Injini ya 240Z ina pistoni za milimita 83, na Datsun 1600 ya silinda nne, gari la kawaida kabisa la barabarani, nayo ina pistoni za milimita 83. Aliyeligundua hilo pale Grogan hakwenda chuo chochote. Alipima moja kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, akapima nyingine, akanyamaza, kisha akatuita: spea ya gari la kawaida ingelifaa lile la michezo. Mwingine alikuwa akifua bati juu ya mfuko wa mchanga hadi litoke mlango mzima wa Triumph, na ukiupaka rangi huwezi kuutofautisha na wa kiwandani. Katika miaka miwili iliyopita nimezika watatu wa watu hao. Tuliobaki tunahesabika, na mikono yetu imeanza kutetemeka.

Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka wa 1965 kwa Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Nalisema hili kwa wale wanaodhani anayeshika spana ni mtu wa nje ya seng'enge.

Kabla sijasahau, wenye magari yaliyonyeshewa Limuru wasiyafungie gerejini yakiwa yamelowa. Toeni mazulia ya ndani. Chukueni waya mwembamba mzibue matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye kingo za sakafu, hasa MGB na 240Z, maana maji yakilala humo kutu huanza bila kuonekana na mtaijua bati likishatoboka.

Waandalizi wametangaza mkutano mwingine mwezi wa Novemba, na mvua za vuli zitakuwa zimekwisha kufika. Ombi langu kwao, kupitia ukurasa wako, ni kwamba lango lifunguliwe bila malipo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi na kwa vijana wa kijiji kinachoupokea mkutano, tangu saa mbili asubuhi na si baada ya gari la kwanza kukwama. Kila mwenye gari afungue boneti walau kwa saa moja, na aruhusu mikono iguse chini ya uangalizi. Mafundi wastaafu tuliobaki tualikwe. Hatuhitaji malipo, nauli na kikombe cha chai vinatosha. Nawe Mhariri, nakuomba umtume mwandishi wako tena, avae buti za mpira, na akae hadi Jumapili jioni. Nitakuwa pale karibu na lile jiko la chai, na kipande changu cha mpira kitakuwa mfukoni.

Fundi mstaafu,
Voi, Taita Taveta