Picha za eksirei zisirudiwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Mtwara na Lindi kuhusu kurudiwa kwa picha za eksirei. Mgonjwa anapigwa picha wilayani, anapewa rufaa, akifika huko anapigwa tena kwa sababu ile ya kwanza imebaki nyumbani juu ya kabati.

Picha moja ya kifua ina mionzi kidogo, milisiverti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 0.1 au chini yake, wakati mionzi ya asili hutupata kwa wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka. Basi mtu asikatae picha anayoihitaji! Lakini skani ya CT ya tumbo, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, hufika milisiverti 8 hivi, na watoto hudhurika kwa urahisi kuliko sisi. Mtoto apimwe kwa kiwango cha mtoto, na mwale ubanwe uishie pale panapochunguzwa. Mjamzito aseme mapema.

Nawaomba waganga wafawidhi: mgonjwa wa rufaa asiondoke bila picha yake mkononi. Nayo Tume ya Nguvu za Atomu, inayosimamia usalama wa mionzi nchini, itueleze kwa Kiswahili chepesi hali ya mashine za mikoa yetu.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara