Mapambo ya Kijapani darasani sawa, ila walimu msitununulishe sisi wazazi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, na nikizidisha maneno we punguza tu.

Mi nina kaduka ka steshenari huku Igoma. Kila ikikaribia mwezi wa tatu wazazi wanaingia na vikaratasi vya walimu, vya kununua hiki na kile, na kwakweli sikuwa nalalamika maana biashara ni biashara. Ila ya mwaka huu imenishinda. Kuna mama kaja na orodha: karatasi za rangi za Kijapani za kukunjia pakiti mbili, maua ya sakura (yale ya mti wa cheri wa Kijapani) ya kubandika, na bango la kukaribisha majira ya machipuko. Akaniuliza, "Kaka, haya machipuko ni sikukuu ya nani?" Nikamwambia dada yangu, hiyo ni Japani baridi ikiisha. Akaangalia nje mvua inavyopiga, akaniangalia na mimi, akauliza bei ya pakiti moja tu.

Mhariri, Mwanza tupo digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, baridi ya kuisha tunaitoa wapi? Wenzetu Japani sakura inachanua sehemu nyingi mwishoni mwa mwezi wa tatu kuingia wa nne, na mwezi wa nne ndo shule zao zinaanza mwaka mpya, kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anaingia darasani anakuta maua ukutani, anapokelewa. Hapo nawaelewa kabisa. Sisi watoto wetu wanaanza Januari wanalia mlangoni wameshika sketi za mama zao na ukuta hauna kitu, halafu mwezi wa tatu wameshazoea ndo tunawapambia maua ya nchi nyingine tena ya kununua!

Ila sina ugomvi na Wajapani jamani. Hii kazi ya kukunja karatasi, origami, naipenda kuliko mapambo yote ninayouza dukani, na shida yangu ni kwamba tunachukua ganda tunaacha nyama. Faida yote iko kwenye kukunja, na kukunja hakuhitaji pakiti ya Kijapani. Chukua A4 ya kawaida hata iliyochapwa upande mmoja, kona moja ilete mpaka ukingo wa pili, hapo unapata pembetatu na kipande kinachobaki pembeni unakata. Ukiifungua ni mraba wa sentimita 21 kila upande, na kile kipande cha pembeni cha sentimita 8.7 usitupe, kata vipande vyembamba utengeneze mnyororo wa kuzungusha darasa. Sasa huo mraba mwambie mtoto akunje katikati, nusu, akunje tena, robo, akunje kona kwa kona, pembetatu. Anaishika kwa mkono wake, hakariri. Kuna Mjapani mmoja Akira Yoshizawa, alizaliwa 1911 akafa 2005, ndo baba wa hii sanaa kwa siku hizi, huyo ujanani alifanya kazi kiwandani na alikuwa anatumia kukunja karatasi kuwafundishia wenzie jiometri. Na ile mishale na vistari vya kukatakata unavyoona kwenye michoro ya kukunjia ni mfumo aliouanzisha yeye, ndo maana mwalimu wa Ilemela anaweza kufuata mchoro wa Kijapani bila kujua herufi hata moja.

Niseme kidogo kuhusu karatasi maana hapo ndo kazini kwangu. Manila ni nene, ukiikunja mara ya tatu inapasuka kwenye mkunjo, msiwape watoto wakunjie. Kalenda za mwaka jana ni nzuri sana, zina rangi na mkunjo unakaa, ila zinateleza kwa vidole vidogo. Gazeti ni laini, ndege mdogo atachanika, lakini kwa kitu kikubwa hakuna kama gazeti. Wajapani wenyewe tarehe 5 Mei siku yao ya watoto wanakunja kofia za kivita kwa magazeti na watoto wanazivaa kabisa kichwani, kwa hiyo mhariri gazeti lako lina kazi nyingine nje ya kufungia karanga.

Siku hiyohiyo pia wanatundika samaki nje ya nyumba, wale wanaoitwa kapi, wa kitambaa au karatasi, mdomo wazi mkia wazi, upepo ukiingia anavimba na anaogelea hewani. Sasa niambie sisi watu wa ziwani tunashindwaje hapo? Chukua mfuko wa khaki, toboa chini, mdomo uzungushie waya mwembamba usijifunge, watoto wachore magamba ya sato, anayetaka sangara achore sangara, funga kamba ya katani kwenye kenchi. Madirisha yetu mengi ni nondo bila vioo, kwa mara ya kwanza hilo litakuwa na faida, upepo wa ziwa ukianza mchana darasa zima samaki wanacheza. Angalizo tu, masika karatasi inavuta unyevu na kulegea, msitundike karibu na dirisha linaloingiza mvua.

Kingine kinachoniuma. Niliwahi kupeleka mzigo shule moja nikakuta korongo wa karatasi wazuri kweli, wamening'inia juu kabisa, nikamsifia mwalimu watoto wanajua kukunja. Akasema aah, hao tumekunja sisi walimu, wageni wanakuja, watoto wataharibu. Sasa si bora angebandika picha! Mi naona pambo la darasani mtoto alifikie kwa mkono, na likipinda mdomo lipinde, ni lake.

Najua walimu mtasema we muuza kalamu unajua nini, darasa lina watoto mia na kitu nitamkunjisha nani. Ni kweli. Lakini usianze na korongo, yule ana hatua nyingi, mwachie darasa la tano kwenda juu. Wadogo waanze na uso wa mbwa, ni pembetatu na masikio mawili basi. Na usifundishe mia, kila dawati fundisha mmoja, yeye ndo awafundishe wenzie wa dawati lake, maana watoto wakifundishana wanagombana kidogo lakini wanashika.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni hilo tu, hizo pakiti na mabango yatoeni kwenye orodha. Wachapaji wa mjini wanatupa vipande vya karatasi nzuri za rangi kila siku, ukiomba unapewa. Mi mwenyewe dukani nina boksi la kalenda za zamani na A4 zilizoharibika kwenye fotokopi, mwalimu yeyote wa Igoma apite kabla ya saa kumi na mbili jioni achukue bure, ila aje na mfuko wake.

Mzazi na muuza steshenari,
Igoma, Mwanza