Wenye sola wapewe zaidi ya nusu uniti

Mhariri, naandika kuhusu huu mjadala wa kama Kenya ijenge kinu cha nyuklia cha kuzalisha stima. Sheria ya Kawi ya 2019 ndio iliunda wakala wa nyuklia, na hiyo hiyo ikaruhusu mwenye sola kurudisha stima ya ziada kwa gridi apunguziwe bili, lakini kanuni zenyewe zikangoja hadi 2024 na bado ukipeleka uniti moja unahesabiwa nusu tu. Sawa, nguzo na transfoma zina gharama, lakini nusu nzima jamani?

Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana 2024 kukataa kinu kijengwe kwao, na kinu hakijengwi kwa mwaka mmoja. EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi nchini, ianze na nyumba za kawaida, iwaongezee hiyo nusu sasa, nyuklia tuendelee kuijadili.

Msomaji, Mombasa