Saumu, usingoje Jumatatu

Saumu mwenzangu,

Salamu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima, mama anakusalimu. Habari za harusi ya Zuhura nitakuandikia siku nyingine, maana ujumbe wako umenitia wasiwasi. Mistari yote umeimalizia kwenye kiungulia, halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, unasema choo siku hizi ni cheusi. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Choo cheusi tii, kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu. Inavuja huku juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, na mpaka ifike chini imeshabadilika rangi. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati hivyo wala hakitoi harufu ile. Wewe hukusema unavimeza. Kwa hiyo nenda leo, tena nenda hospitali inayoweza kukuongezea damu, si duka la dawa. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, moyo unaenda mbio, jasho jembamba linakutoka, au ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, usipande bodaboda. Mtu akupeleke kwa gari. Usile chochote wala kunywa maziwa kabla hawajakuona, maana huenda wakataka kukupima kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, na tumbo likiwa limejaa hawataona kitu.

Zile diklofenaki, dawa za maumivu unazomezea mgongo, ziache leo hii. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazuia mwili kutengeneza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Kumeza baada ya kula hakuondoi hatari hiyo, na sindano nayo ni yale yale, kwa kuwa madhara yanapitia damuni. Kwa sasa tumia parasetamoli. (Aspirini ya moyo ya baba mkwe ni jambo jingine, asiiache bila daktari wake.)

Yule kijana wa dukani anayekuambia vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na pilipili anakupotosha. Pilipili inawasha kidonda kilichopo tayari. Vidonda vingi vinatokana na dawa hizo za maumivu au bakteria wa H. pylori, ambaye Warren na Marshall wa Australia walimtambua mwaka 1982 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Damu ikishatulia, omba kipimo cha choo cha kumtafuta bakteria huyo. Kile cha damu kinaweza kuonyesha bakteria hata miezi mingi baada ya kupona, ndiyo maana watu wanatibiwa mara tatu kwa ugonjwa usiokuwepo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, ikitumika ndani ya wiki 2 kabla ya kipimo, au antibaiotiki ndani ya wiki 4, jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Lakini usiache omeprazoli mwenyewe sasa hivi unapovuja damu. Daktari ndiye atakayepanga. Dawa za kumuua bakteria huyo kwa kawaida ni siku 14. Mdomo utakuwa mchungu na wengi huishia njiani wakiona nafuu. Bakteria aliyebaki anakuwa mgumu zaidi kutibika.

Halafu Mzee Athumani. Umesema ugali haushuki mpaka asukumie maji, na sasa anakunywa uji tu. Hicho si kiungulia cha kutafuna vidonge vya magnesiamu. Chakula kigumu kikianza kukwama, kisha laini, ni lazima koo la chakula liangaliwe kwa kamera, kwa sababu saratani yake ipo sana huku kwetu Afrika Mashariki na ikiwahiwa kuna la kufanya. Asisubiri mavuno.

Narudi kwako. Hata kama maumivu yamepungua, usijipe moyo: kidonda kinaweza kuvuja bila kuuma.

Choo kimekuwa cheusi tangu lini, na mara ngapi kwa siku? Diklofenaki unameza ngapi, na nani anakuandikia? Umepungua? Nguo zinakupwaya? Unachoka ukipanda ngazi za kwenu? Shemeji ameshajua, au umemficha kama kawaida yako? Nani atakupeleka leo? Nijibu hilo la mwisho kwanza, mengine utanijibu ukiwa hospitali.

Wako,
Mwajuma