Picha ya mfamasia itundikwe dukani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee maduka ya dawa hapa Mbeya mjini, na hata Mbalizi na Tunduma maana mambo ni yaleyale. Ukiingia famasi nyingi za huku Mwanjelwa unakuta fremu zimejaa ukutani kama picha za harusi, kuna ya TRA, kuna leseni ya biashara ya halmashauri, mtu akiona makaratasi yote hayo anaridhika, kumbe TIN hata muuza mkaa anayo na haisemi chochote kuhusu dawa. Karatasi ya kuangalia ni kibali cha Baraza la Famasi, kinahuishwa kila mwaka kwahiyo soma jina la duka, mahali lilipo na tarehe ya mwisho, alafu tafuta cheti cha mfamasia msimamizi.

Hapo kwa msimamizi ndo penye mchezo. Famasi kisheria lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, yani mtu aliyesota chuo miaka 4 akamalizia na mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini, sasa unakuta cheti kinaning'inia Mwanjelwa mwenyewe yuko Dar anakula hela ya kukodisha jina lake kila mwezi, na hii ya kukodisha vyeti waulize watu wa biashara ya dawa hakuna asiyeijua. Koti jeupe linauzwa sokoni jamani, yeyote analivaa.

Juzi kati nimepanga foleni duka moja (jina naliacha), mbele yangu kuna mama kabeba mtoto mgongoni, mtoto anakohoa balaa, mama akasema nipe zile za rangi mbili za buku. Kijana wa dukani hakuuliza mtoto ana umri gani wala uzito wala nani kaandika hiyo dawa, akachukua mkasi akakata kipande cha karatasi ya vidonge, ile pembe yenye tarehe ya kuisha muda ikabaki kwenye boksi, akaandika 1x3 kwenye kibahasha, haya mwingine. Nikamuuliza mfamasia yupo? Katoka kidogo. Anarudi saa ngapi? Akacheka tu, nadhani alihisi mimi ni mkaguzi.

Nisieleweke vibaya, sizidharau DLDM, yani maduka ya dawa muhimu. Maduka haya yalianzia kwa wenzetu wa Ruvuma mwaka 2003 na yamesaidia sana vijijini ambako famasi utaitafuta mpaka uchoke. Mtoa dawa wa pale anatakiwa awe amepitia mafunzo na cheti anacho, ila sio mfamasia, na dawa anazoruhusiwa kuuza zina orodha yake. Ukikuta DLDM inachoma watu sindano chumba cha nyuma, ondoka.

Sasa ukilitilia shaka jina la kwenye cheti, linakili pamoja na namba ya usajili, Baraza lina rejista ya wafamasia na wana tovuti. Huna bando? Nenda kwa mganga mkuu wa halmashauri yako, ofisi hiyo ina mfamasia wake na maduka ya eneo lake anayajua. Ila kama shida ni dawa yenyewe, mfano rangi imebadilika au boksi halieleweki, hiyo peleka TMDA, yani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Watu wanachanganya Baraza na TMDA mpaka leo, wengine bado wanasema TFDA, jina lake la zamani.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo sana. Kila famasi itundike picha kubwa ya msimamizi pale kaunta, sio nyuma ya friji, na chini yake saa anazokuwepo dukani, ili mteja akiambiwa katoka kidogo ajue ni kweli au anapigwa kamba. Na ofisi za kata zibandike orodha ya famasi na DLDM zenye kibali cha mwaka huu. Najua wenye maduka watasema wafamasia ni wachache na mishahara yao mikubwa, sawa, hilo wakaongee na Baraza, lakini wasituwekee ukutani jina la mtu ambaye hata dukani hapafahamu. Picha yenyewe wala haina gharama, stationari yoyote pale Kabwe wanaitoa unasubiri.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya