Mhariri, mwandishi wenu amewahi kushika jani la nyanya?

Ndugu Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nistaafu ualimu, na kila Jumamosi gazeti lako nalinunua hapa Kitunda kabla sijanywa chai. Sijawahi kukuandikia. Mlipomwita popo ndege, nilinyamaza. Mlipompa buibui miguu sita, nikasema basi, kijana atajifunza. Lakini ile habari ya Jumamosi iliyopita, ya nyanya zinazojikinga na wadudu, yenye picha ya nyanya iliyochomwa sindano, imenishinda.

Sindano ya nini? Aya ya pili inatutisha kwamba wataalamu wametia sumu ndani ya tunda. Aya ya sita inashangilia kwamba mkulima sasa ataweka bomba lake darini na hatapiga dawa tena maishani. Habari moja, mwandishi mmoja, uongo mara mbili, na uongo wenyewe unapingana!

Naomba mwende nyuma ya nyumba yoyote yenye mche wa nyanya. Shikeni jani, lisugueni kidogo, kisha mnuse vidole. Ile harufu kali, na ule unato unaoacha vidole na weusi wa kijani usiotoka kwa maji matupu, hiyo ndiyo habari mliyopaswa kuandika. Inatoka kwenye vinyweleo. Jani na shina la nyanya vimejaa vinyweleo vidogo, vingine vina kichwa mithili ya pini, na ndani ya kile kichwa mmea unajitengenezea dawa yake wenyewe. Nimewaonyesha kidato cha tatu kwa hadubini moja iliyokuwa ikigombewa na watoto hamsini na wawili. Hata wale wa nyuma, ambao kazi yao ilikuwa kulala, waliviona.

Sasa nyanya za porini, kule Peru na Ekwado na visiwa vya Galápagos, baadhi yake zina vinyweleo vya aina hiyo vingi kuliko hizi zetu, na vyenye nguvu. Ipo moja iitwayo Solanum pennellii, jani lake limejaa sukari zenye mafuta zinazonata. Inzi mweupe akitua anahangaika, hali vizuri, hatagi vizuri. Ipo nyingine, Solanum habrochaites, ambayo baadhi ya jamii zake hutoa kemikali iliyo ndugu wa karibu wa ile inayoipa tangawizi harufu yake. Tangawizi, Mhariri, hii ya kwenye chai ya maziwa. Sisi wenyewe ndio tulioipoteza silaha hiyo: vizazi na vizazi watu wamechagua mbegu za tunda kubwa, jekundu, lenye nyama, na hakuna aliyeuliza jani limebaki na nini.

Kuirudisha si kazi ya sindano. Unachukua chavua ya huku unaipeleka kule. Unapata chotara mwenye jani zuri lakini tunda lake dogo na baya, mtu hawezi kulitia kwenye mchuzi. Huyo unamchavusha tena na nyanya ya kawaida, unapanda watoto wake, unachungulia majani, unachagua, unarudia. Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, mtafiti Martha Mutschler na wenzake wamehangaika na hiyo pennellii kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu tabia yenyewe haikai kwenye jeni moja, yaani chembe moja ya urithi. Ukishika huku inakuponyoka kule. World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kina tawi lake la kanda hapo Arusha, nacho kimezipima nyanya za Galápagos dhidi ya inzi weupe na kantangaze, nondo anayeharibu nyanya. Na kwa kuwa tumeshafika Galápagos, mngeweza hata kuwachekesha wasomaji: marehemu Charles Rick, mtaalamu wa nyanya wa California, alihangaika na mbegu za nyanya za visiwa hivyo zilizogoma kuota, mpaka alipowalisha kobe na kuzisubiri zitoke upande wa pili. Hapo zikaota. Wanafunzi wangu walikuwa hawasahau somo hilo hadi mtihani wa taifa.

Nyinyi mkatupa sindano. Matokeo yake, jirani yangu ameshaanza kusema hiyo ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara. Yale mahindi ya GMO ya majaribio pale Makutupora, Dodoma, ambayo serikali iliyasimamisha mwaka 2018, ni mjadala mwingine. Huku ni chavua na subira tu.

La sumu nimelimaliza. La bomba kuwekwa darini ndilo linalonichoma zaidi, maana hilo nimelilipia pesa yangu.

Mwaka jana, masika ilipokatika, nilikwenda duka la pembejeo, jina silitaji. Nina kieneo nyuma ya nyumba kinachobeba miche mia mbili na ushee. Nikaona pakiti ya mbegu chotara imeandikwa KINZANI kwa herufi nyekundu kubwa kama za bango la kampeni. Shilingi elfu arobaini na tano, pakiti ambayo ukiitikisa haitoi hata sauti. Nikalipa. Kitaluni ilikwenda vizuri, nikapandikiza, nikaweka samadi. Wiki ya tano nikaona michirizi myeupe kwenye majani, kisha mabaka makavu. Kantangaze! Yule nondo mdogo wa kijivu, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, aliyeingia Hispania mwaka 2006 na kwetu mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260. Na kiwavi wake hakai juu ya jani uone ukampulizie. Anajichimbia katikati ya ngozi mbili za jani kama mtu aliyechomekea chandarua, wewe unapiga dawa nje, yeye ndani anakula.

Nikarudi dukani na jani mkononi. Kijana wa pale akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Mama, hiyo ni kinzani kwa mnyauko na minyoo fundo. Kantangaze hayumo." Akageuza pakiti. Nyuma, kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafuta kwa kioo cha kukuzia, kulikuwa na V, F na N. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na minne, nikadhani ni alama za kiwandani. Kumbe V na F ni aina mbili za mnyauko wa ukungu, N ni minyoo ya mizizi. Ilinibidi nikasome upya, mtu mzima. Na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niikumbuke habari yenu kwa hasira: hiyo N yenyewe ilitoka kwa nyanya ya porini ya Peru, kwa kiinitete kilichotolewa kwenye mbegu changa na kulelewa chupani huko California miaka ya 1940. Maana yake damu ya nyanya ya porini tunaila kwenye kachumbari tangu enzi za wazazi wetu, na hakuna aliyeota mkia. Miaka ya 1990 ikagundulika kwamba jeni hilohilo linawasumbua pia baadhi ya vidukari, na baadaye ikaonekana kwa kiasi fulani hata inzi weupe. Ila lina tabia moja: udongo ukizidi joto la nyuzi 28, linazembea. Na mimi nalima Dar es Salaam, penye joto. Sasa niambie, Mhariri, mtu akiniandikia "kinzani" tupu kwenye pakiti, ameniambia nini?

Sikiliza kilichofuata. Kijana akainama chini ya kaunta akatoka na chupa ya maji ya kunywa, ya nusu lita, ndani kimiminika cheupe kama maji ya mchele. Haina lebo. Akaniambia kizibo kimoja kwa bomba la lita kumi na sita, changanya na hii nyingine, mama hatoki mtu. Hii nyingine nayo ilikuwa kwenye chupa ya soda! Nikamuuliza, nikishapiga nisubiri siku ngapi ndipo nichume? Akamtazama mwenzake. Mwenzake akasema tatu. Yeye akasema inategemea na bei ya sokoni. Nakuapia hayo ndiyo maneno yake. Sikununua, lakini najua wanaonunua, maana mmoja nimepakana naye uzio: anapiga Alhamisi asubuhi, Ijumaa jioni anachuma, Jumamosi alfajiri mzigo uko Ilala sokoni, na mchana wewe Mhariri uko kwenye harusi unaongezewa kachumbari. Nyanya ikifika gengeni ina vumbi jeupe kwenye kikonyo, mama muuzaji anaifuta kwa pindo la khanga, anaipanga mafungu ya elfu moja, na mtoto aliyetumwa anaitafuna njiani bila kuiosha. Hapo hatukuona picha ya sindano. Hapo hakuna aya ya kututisha. Na dawa zenyewe zinazidi kupoteza nguvu, kwa sababu kila zikipigwa ovyo wanaobaki ni wale wasiozijali, na hao ndio wanaozaa. Mwaka huu kizibo kimoja, mwakani viwili, mwaka wa tatu jirani yangu anachanganya chupa nne na kuzikoroga kwa kijiti cha mwarobaini. Mkulima anaogeshwa sumu mgongoni na bomba linalovuja, gazeti linamtisha kwa vinyweleo.

Na nikiwa bado nimelitaja soko la Ilala, lipo na hili. Tenga la nyanya halina kipimo. Mwaka jana hizo nyanya zangu zilizonusurika nilizipeleka mwenyewe, matenga mawili. Dalali akayatazama akasema hayajajaa, wakati yamefika mdomoni. Kujaa kwake ni lumbesa: juu pawe na mlima, ufunikwe kwa majani ya mgomba na kufungwa kamba. Zile za chini zinapondeka, zinauzwa masalo kwa nusu ya nusu ya bei, na hasara ni ya aliyelima. Tumeshasikia viongozi wangapi wakikemea lumbesa? Mlima bado uko palepale. Najua nimetoka kwenye mada, lakini ni nyanya zilezile.

Nirudi. Siku hiyo pakiti ya vinyweleo itakapofika madukani kwetu, na naomba niwe hai, haitakuwa muujiza. Kantangaze watapungua, hawataisha. Vinyweleo vinavyonata havichagui. Vinawakwamisha hata wadudu wema wanaokula mayai ya wabaya. Bado itabidi kung'oa masalia baada ya mavuno, kutega nondo dume kwa mtego wa harufu na beseni la maji, na kutopanda nyanya juu ya nyanya. Mbegu kama Tengeru 97, iliyotolewa hapahapa nchini mwaka 1997, ilikuja na ukinzani wa minyoo fundo na mnyauko, na wakulima waliofundishwa hivyo hawakuidai kazi ambayo hawakuahidiwa.

Sasa mapendekezo yangu, kwa kuwa najua barua isiyo na pendekezo hamuichapi. Kila pakiti yenye neno "kinzani" iandikwe upande wa mbele, kwa Kiswahili, ni kinzani kwa nini na si kinzani kwa nini, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile zilizoandikwa Gongo la Mboto kwenye kioo cha mbele cha daladala. Kama ubavu wa daladala unatosha mistari ya Injili na jina la mwenye gari na mpira wa Simba na Yanga, pakiti nayo itatosha. Atakayekutwa anauza dawa kwenye chupa ya maji, anyweshwe maji kutoka chupa hiyohiyo baada ya kuisuuza mara tatu. Kama anaiamini, atakunywa.

Na mwandishi wenu aje Kitunda. Nimemwachia miche sita kwenye ndoo, miwili ina kantangaze tayari, na kioo cha kukuzia kipo. Nitampa na chai ya tangawizi. Nipo nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano mchana, hapo huwa niko kikoba.

Mwalimu mstaafu,
Kitunda, Dar es Salaam