Risala ya Wanaume Tuliotibiwa Tezi Dume kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Madaktari na wauguzi,
Wake zetu, watoto wetu na waalikwa wote,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Si kila mtu hukubali kukaa mbele ya hadhara kuzungumzia mkojo wa wazee.

Kikundi hiki kilizaliwa wodini. Tulikuwa wanne, vitanda vimepakana, kila mmoja na mpira wake wa mkojo, na kila mmoja alikuwa ameficha maradhi yake nyumbani kwa muda mrefu. Mwenzetu mmoja aliamka mara sita kila usiku akimwambia mkewe anakwenda kukagua mlango. Mwingine aliacha kusafiri kwa basi. Mimi ninayesoma risala hii nilisubiri hadi mkojo ukaziba kabisa, nikafikishwa hospitali usiku wa manane nikilia mbele ya wanangu.

Mheshimiwa, tezi dume hukaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Ujanani huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea hukua, na inapokua huubana mrija. Wanaume wapatao nusu huwa na hali hii wanapofika miaka 60, na walio wengi wakifika 80. Kukua huku si saratani, ingawa mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana vipimo ni lazima. Wapo wanaopata nafuu kwa vidonge. Sisi vidonge havikututosha, tukafanyiwa upasuaji kwa leza, yaani mwali mkali wa mwanga unaokata nyama.

Kwa miaka mingi tezi ilikwanguliwa kwa waya wa umeme kupitia njia ya mkojo, na ikiwa kubwa sana mgonjwa alipasuliwa tumbo. Leza nayo hupita njia hiyohiyo ya mkojo, bila jeraha lolote nje. Iko leza ya kijani, ambayo mwanga wake hufyonzwa na damu iliyomo kwenye tezi, nyama ikageuka mvuke. Na iko leza ya holmiamu, jina la metali inayotoa mwanga wake, ambayo mbinu yake ya kung'oa tezi ilibuniwa New Zealand miaka ya 1990 na Peter Gilling na wenzake. Hii hubandua nyama iliyokua kutoka kwenye ganda lake, kama kidole kinavyobandua chungwa. Nyama husukumwa kibofuni, ikasagwa na kunyonywa nje. Hata tezi kubwa huondolewa hivyo, na nyama yake hupelekwa maabara kupimwa saratani, jambo ambalo haliwezekani ikishakuwa mvuke. Leza inapokata huziba pia mishipa ya damu. Ndiyo sababu damu hupotea kidogo, na mara nyingi mpira hutolewa baada ya siku moja au mbili. Asubuhi nilipotolewa wangu nilikojoa kama kijana, na sioni aibu kulisema hilo hapa.

Lakini tuna kilio. Katika sisi wanne, watatu hatukuambiwa mapema kwamba baada ya upasuaji huu shahawa kwa kawaida hurudi nyuma kibofuni badala ya kutoka. Haina madhara, raha ipo, na kwa walio wengi nguvu za kiume hubaki zilivyokuwa. Ila mwanamume anayetaka bado kupata mtoto ana haki ya kulijua kabla ya kutia saini. Vilevile mkojo unaweza kuvuja kwa wiki au miezi kadhaa. Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia, lakini mwenzetu mmoja alidhani ameharibiwa, akajifungia ndani.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni maelezo: mgonjwa aelezwe faraghani, na mkewe akiwepo kama mwenyewe anaridhia. La pili ni mafunzo. Mashine ya leza ikinunuliwa, fedha za kumfunza daktari zitengwe pamoja nayo. Kubandua tezi kwa holmiamu ni kazi ngumu kujifunza. Mkono huzoea baada ya upasuaji makumi kadhaa, ya mwanzo yakisimamiwa na mwalimu. Tunaomba ulibebe hili kwa wanaopanga bajeti za hospitali.

Naomba kuwasilisha. Ahsante sana.